Tenki la juu la maji ya injini ya boti: kazi niliyofanyiwa Sahare, Tanga

Wadau wa boti za mizigo, hii ni kwa wale wenye injini za gari ndani ya mashua, maana najua tuko wengi. Boti yangu ni ya mbao, mita 11 na ushee, inabeba mizigo Tanga kwenda Wete kule Pemba, ndani ina injini ya 4D32 ya lori dogo la Canter, silinda 4. Injini yenyewe sina neno nayo, ni nzima. Shida ilikuwa kuchemsha. Mwaka mzima nachemsha, hasa kipindi cha kusi ukiwa unapanda mkondo na mzigo umejaa falka (tumbo la mashua la kuwekea mizigo), geji ya joto inapanda mpaka nyuzi 100 na zaidi, unazima, unakaa katikati ya bahari unasubiri ipoe huku mashua inayumba na watu wanatapika.

Fundi wa kwanza aliyeifunga hiyo injini alitoa rejeta (kile kipozeo cha maji ya injini), akapitisha bomba chini ubavuni mwa mkuku (ule uti wa chini wa mashua), maji yasiyo ya chumvi yanazunguka ndani ya bomba yanapozwa na bahari kwa nje, halafu yanarudi kwenye injini. Huo mfumo ni mzuri na hapo simlaumu, maji ya chumvi hayagusi injini kabisa. Ila akaweka kidumu cha plastiki cha kujazia maji, akakifunga chini, usawa wa wotapampu (pampu inayozungusha maji ya injini), eti kisiguswe na mizigo. Bas hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Nimebadilisha gasketi ya silinda hedi (kile kichwa cha juu cha injini) mara 2, nimebadilisha themostati (kifaa kinachofungulia maji yakishapata moto), nimenunua wotapampu mpya, pesa inaenda tu, na baharia wangu mmoja aliungua mkono kwa kufungua mfuniko injini ikiwa ya moto.

Ndo nikapelekwa kwenye karakana moja pale Sahare, jamaa anashughulika na injini za boti tu. Akaniambia niwashe, akashika mpira wa juu, akasikiliza, akasema "Kaka, hapa maji hayapungui, injini imeshika upepo." Akanielezea vizuri kuliko fundi yeyote niliyewahi kukutana naye. Kwenye Canter ikiwa barabarani rejeta na tenki lake ndo vinakaa juu, hewa inapanda huko inatoka. Ukiitoa rejeta ukaweka bomba chini ya mkuku, sehemu ya juu kabisa inabaki kuwa hedi yenyewe, na hewa yote inaenda kujificha palepale penye moto mkali. Geji inasoma hivi, ndani kunawaka vingine. Kwahiyo lazima kitu kingine kikae juu ya hedi, na kitu hicho ndo tenki.

Akanitengenezea la stenilesi, lita 8, akalifunga ukutani mwa kibanda cha nahodha, kama sentimita 40 juu ya hedi. Lina mipira 2 na hapa naomba msome taratibu kwasababu ndo siri yote. Mpira mnene, wa milimita 25, unatoka chini ya tenki unaingia upande ambao wotapampu inavuta, sio upande inaosukuma, hivo pampu muda wote inakuwa na maji yanayoikandamiza. Mpira mwembamba, milimita 8, unatoka pale juu kabisa kwenye nyumba ya themostati unapanda mpaka kwenye tenki, na unapanda moja kwa moja bila kushuka popote, maana ukiweka hata bonde dogo hewa inakwama na umerudi kulekule. Juu akaweka mfuniko wa presha wa baa 0.9, ambao maji yakiwa chini yake yanachelewa kuchemka mpaka karibu nyuzi 118.

Kujaza ilichukua kama masaa 2, mi nilidhani ananichelewesha lakini hapana. Alimimina kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya injini) nusu na maji safi nusu, polepole, injini baridi, akawasha mfuniko ukiwa wazi, mapovu yakawa yanatoka hata sijui yalikuwa yanakaa wapi yote hayo, anaongeza, yanatoka, anaongeza. Na hakulijaza tenki mpaka juu, aliacha nafasi ya kama vidole 4, kwasababu maji ya moto yanaongezeka, mfumo wangu una lita 20 hivi na zikipata moto zinaongezeka zaidi ya nusu lita. Kuhusu kulanti, najua wengi tunasema huku kwetu hakuna baridi ya kugandisha maji, ya nini, lakini inazuia kutu ndani ya injini, na huku kwenye joto hiyo ndo faida kubwa.

Gharama: tenki 140,000, mipira na klempu 65,000, mfuniko 15,000, ufundi 120,000. Jumla 340,000, kulanti nilinunua mwenyewe. Nikikumbuka gasketi zile 2 naumia kweli.

Yasiyonifurahisha yapo. Aliniambia siku 3, ikawa 6, na boti kukaa bure siku 6 ni hasara, angesema ukweli mapema ningepanga. Klempu alizoweka ni za chuma cha kawaida, wiki ya tatu zilishaanza kutu kwa chumvi, nikazitoa zote nikaweka za stenilesi kwa pesa yangu. Na tenki halina kioo wala mpira wa kuonyesha maji yamefika wapi, mpaka ufungue mfuniko asubuhi injini ikiwa baridi.

Lakini nimeshaenda Wete na kurudi mara 9 tangu kazi ile, mara 2 kwenye kusi kali na saruji imejaa, geji inakaa 80 na kidogo tu haisogei. Ilianza kupanda siku moja, nikajua sio hewa, tukaivuta ufukweni maji yalipokupwa tukakuta bomba la mkuku limevaa majani na vigamba, tukalikwangua, ikarudi palepale. Ijumaa namrudia jamaa aniwekee mpira wa kuonea maji, kasema hanichaji ufundi, nilipe mpira tu.