Ukuta Gani Ununue Nakuru au Kisumu: Paneli za Povu na Saruji, Mawe, Matofali au Mbao

Watu wengi wanaojenga Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya kwa jumla huchagua ukuta kwa kuuliza bei ya jiwe moja au tofali moja. Swali hilo hupotosha. Linalofaa kuulizwa ni gharama ya mita moja ya mraba ya ukuta uliokwisha kupigwa plasta pande zote mbili, usafiri na malipo ya fundi yakiwa ndani, na jinsi ukuta huo utakavyokuwa saa nane mchana Kisumu au saa kumi alfajiri Molo. Nimezipanga kuta kwa msingi huo.

Nafasi ya kwanza naipa paneli ya EPS, kifupi cha Kiingereza cha povu la polistirini. Moyo wake ni bamba la povu jeupe, jepesi kama lile linalofungashiwa televisheni mpya, ambalo limewekwa kati ya nyavu mbili za waya uliopakwa zinki, na nyavu hizo zimeshikanishwa kwa waya zinazopenya povu. Paneli husimamishwa juu ya msingi, zikafungwa kwenye nondo zilizochomoza, kisha kila upande hupigwa mchanganyiko wa saruji na mchanga wenye unene wa sentimita tatu hivi. Povu huzuia joto na baridi, huku saruji na waya vikibeba mzigo. Ukuta uliokamilika una uzito usiofika nusu ya ule wa mawe, jambo lenye faida kubwa katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Kano, ingawa udongo huo lazima uchimbwe na kuondolewa hata hivyo.

Shirika la Kitaifa la Nyumba lina kiwanda cha paneli hizi Mavoko, kaunti ya Machakos, na hapo ndipo gharama ya mnunuzi wa Kisumu inapopanda, kwa sababu lori hujaa kabla halijalemewa na unalipia nafasi zaidi ya uzito. Majirani wawili wakiagiza pamoja huokoa pesa nyingi.

Mzigo ukifika, tazama waya kabla ya kutazama povu. Wavu ulioanza kuwa na kutu usipokewe, wala ule ambao viungio vyake vinaachia ukivivuta kwa vidole. Mahali paneli mbili zinapokutana, kwenye pembe na kwenye pembe za madirisha, pafungwe vipande vya wavu vinavyolalia pande zote mbili; fundi akiviruka, plasta itapasuka mahali hapo. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, kwa kuwa povu likigusana na ganda la plastiki la waya kwa muda mrefu hulifanya ganda hilo kuwa gumu na kukatika. Povu lisiachwe wazi popote, hata juu ya dari, kwa sababu moto huliyeyusha na kulichoma. Muhimu kuliko yote, fundi akuonyeshe nyumba ya paneli aliyoimaliza mwenyewe, nawe uipitie chumba kwa chumba. Ikiwa huna fundi wa namna hiyo, shuka hadi nafasi ya pili bila kusita.

Ni lazima niseme pia kwamba joto la Kisumu huingia kwanza kupitia mabati. Mwenye pesa za kitu kimoja tu aweke dari nzuri yenye kizuia joto, ndipo afikirie kuta.

Nafasi ya pili ni matofali ya udongo na saruji yanayofungamana. Hushindiliwa kwa mashine hapohapo kwenye kiwanja, hayachomwi kwa kuni, na hutumia saruji kidogo sana kati ya tofali na tofali. Udongo upimwe kwanza, maana wenye mfinyanzi mwingi hupasuka. Baada ya kushindiliwa yafunikwe na kunyunyiziwa maji kwa angalau siku saba. Wanaouza yaliyokauka juani kwa siku mbili wanakuuzia vumbi.

Mawe ya kuchonga ni ya tatu. Kila fundi wa Nakuru anayajua, nayo hudumu, lakini ni mazito na hayazuii joto kama povu.

Matofali ya kuchoma, yaliyozoeleka Kakamega, Bungoma na Kisii, nayaweka ya nne kwa sababu ya kuni yanazomeza na kwa kuwa tanuru moja hutoa yaliyoiva na mabichi pamoja. Gonganisha mawili: lililoiva hulia kwa sauti kali.

Mbao ni za mwisho, ijapokuwa Molo na Elburgon, penye viwanda vya kupasua mbao, bado zina maana kwa nyumba ndogo. Bei yake haitabiriki. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya serikali ilianza Februari 2018 na ikadumu hadi mwaka 2023, Rais William Ruto alipotangaza, akiwa Molo, kuwa ameiondoa. Ukilazimika kuzitumia, nunua zilizotiwa dawa ya mchwa na kukauka vizuri, uziinue juu ya msingi wa saruji ili zisiguse udongo, na uache pengo kati ya mbao za nje na za ndani ili lijazwe kizuia baridi, la sivyo usiku wa Molo utaingia hadi kitandani.