TAHADHARI: Mnaotafuta pikipiki ya projekti (ya zamani ya kununua na kuijenga upya) Dar, kuna jamaa anauza XL "za kujenga" zenye kadi ya pikipiki nyingine

Wadau salama? Nitaandika kirefu, ila mwenye haraka achukue hii kwanza. Ukiona tangazo la Honda XL 125 ya zamani, "projekti tayari, kadi ipo, injini mpya, inafaa kafe resa au skrambla" (mitindo ya kugeuza pikipiki ya zamani, kafe resa ya kuinamia barabarani, skrambla ya njia mbovu), bei inacheza laki nane mpaka milioni, muuzaji yuko Dar na anakuahidi kukukatia fremu bure, usitume hata mia. Hiki sio kimeo cha kawaida cha injini kula oili. Ni pikipiki ya mtu imevalishwa kadi ya pikipiki nyingine iliyokufa zamani, na siku ukiikata mkia na kuipulizia rangi, mwenye kesi ni wewe.

Aliyelizwa ni mdogo wangu. Dogo anamalizia chuo, usiku kucha yuko kwenye video za watu wanaojenga kafe resa, kajichanga weee mpaka kapata kama milioni na nusu ya kununulia na kuanzia. Nilimshauri achukue Boxer used maana spea zake unazipata mpaka kijijini na ukiharibu hulii sana, akagoma, anataka Mjapani wa zamani. Na XL kwa kweli mtu akishaipenda huna la kumwambia, fremu nyembamba, tangi limekaa vizuri, wengi wetu tumekua tunaziona kwa mabwana shamba na watu wa miradi zikiwa na namba za SM (serikali za mitaa) na DFP (miradi ya wafadhili). Ndo humohumo jamaa anapopigia. Anajua mnunuzi ni kijana, ni pikipiki yake ya kwanza, na akilini ameshaiona imekwisha inang'aa, hii iliyosimama mbele yake haiangalii sawasawa.

Stori yake imenyooka sana. Fremu ilitoka mnada wa mradi, injini ya Honda ilikufa akaweka ya Mchina, kadi ni ya hiyo injini "tukaunganisha, hizi za projekti ndo zinavyokuwa bro". Hiyo sentensi ya mwisho iwekeni kichwani maana ndo mtaji wake wote. Plate hakuna? Projekti. Rangi mbichi shingoni tu kwingine kutu? Projekti. Kadi inasema cc 150 jina la kiwanda cha China wakati tangi limeandikwa Honda? We si unajenga kaka, nani atakuuliza. Yani kila kitu ambacho kwenye Boxer ya kawaida kingekufanya ugeuze bodaboda urudi nyumbani, hapa kinageuka kuwa sifa.

Sasa balaa lenyewe ni kwamba kadi ni ya kweli kabisa. Dogo sio mzembe, aliingiza namba ya usajili ya kwenye kadi kwenye mfumo wa trafiki wa TMS, haina faini. Akalinganisha namba ya injini na kadi, inasoma. Namba ya chasisi, inasoma. Kila kitu kinasoma kwa sababu jamaa alinunua skrepa ya Mchina yenye kadi safi, akatoa injini akaipachika kwenye XL, alafu kwenye fremu ya XL akasaga namba yake na kugonga ile ya kwenye kadi. Kwahiyo ukiishia kulinganisha karatasi na chuma, umekwisha.

Kilichomfichua ni gereji. Tuliipeleka kwa fundi wetu, mzee mmoja yuko na hizi mashine tangu enzi za Yamaha DT na XL zikiwa mpya, tukamwambia aivue yote tuone kabla hatujaanza chochote. Kaanza na injini. Kwenye bloku pameandikwa 162FMJ, hiyo ni lugha ya Wachina, 1 ni silinda moja, 62 kipenyo cha pistoni kwa milimita, J ni daraja la cc 150. Injini ya pushirodi ile, kemshafti (chuma kinachofungua valvu) iko chini inasukuma kwa vijiti, wakati XL yenyewe kemshafti iko juu kichwani inaendeshwa na cheni. Hapo mzee hakushtuka maana jamaa alishasema ni ya Mchina. Akaenda shingoni kwa fremu, pale usukani unapopita, akalowesha kitambaa kwa tina ya kuyeyushia rangi akasugua. Rangi nyeusi ikatoka kirahisi kama masizi. Chini yake puti, ile ya kijivu ya bodi za magari, akaikwangua kwa bisibisi ikawa inadondoka vipande. Chini ya puti chuma kina mikwaruzo ya grinda imelala upande mmoja, na juu ya hiyo mikwaruzo ndo namba imegongwa, tarakimu moja imezama nyingine inaelea, 8 imeinama. Alafu ukiinamisha taa kwa pembeni unaona kivuli cha herufi nyingine pembeni ya hizi, hakisomeki ila kipo.

Mzee akaweka bisibisi chini akasema, "Hii mimi sigusi tena, mtoeni mtoto kabla hajawa mwizi."

Na angalia namba yenyewe. Ilianza na L. Kwa wasiojua, ile namba ndefu ya chasisi ina tarakimu na herufi 17, na herufi ya kwanza inasema ilikotoka, L ni China, J ni Japani, India inaanza na M, ndo maana Boxer unakuta MD2 na TVS MD6. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa kwenye huo mfumo, ukiona O iliyogongwa kama O wakati zingine ni sifuri, ondoka. Mjapani wa zamani zaidi namba yake huwa fupi, mara nyingi inaanza na kifupi cha modeli. Sasa fremu ya Honda ya Japani imezaliwaje na namba ya China ya 17? Hilo swali moja tu lingetosha pale pale kwenye kituo cha mafuta jamaa alikomwita dogo. Mara ya kwanza alimwambia Mbagala, akifika anahamishwa "sogea mbele kidogo", nyumbani kwake hakuonyeshwa mpaka leo.

Tukaenda kituoni wenyewe. Wapo waliotushauri tuivunje tuuze spea tukaushe, huo ni ushauri wa kumfunga mtu. Kupokea mali ya wizi ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na kujitetea kwamba hukujua kunataka karatasi sio machozi. Kilichomwokoa dogo ni vitu viwili. Kwanza kishika uchumba laki moja na nusu alituma kwa simu, na laini zote sasaivi zimesajiliwa kwa alama za vidole na NIDA, jina lililotokea lipo (jamaa alisema "ni laini ya shemeji", sawa, shemeji ataeleza). Laki saba na nusu zilizobaki alidai keshi mkononi, za hizo tuna mkataba wa kuandika kwa mkono tu, hauna wakili wala mhuri wa serikali ya mtaa, kila ukimgusia anacheka, wakili wa nini kwa pikipiki ya laki tisa. Jina kwenye mkataba sio la kwenye kadi, la kwenye kadi sio la kwenye simu. Cha pili, fremu ilikuwa haijaguswa. Mpelelezi alituambia wazi, ingekuja imekatwa na imepakwa rangi mpya maelezo yangekuwa mengine. Pikipiki imebaki pale kama kielelezo, dogo ameandika maelezo yupo nyumbani, hela hatujaiona.

Sasa rudini kwenye ile ofa ya kukatiwa fremu bure. Jamaa baada tu ya kulipwa alimng'ang'ania dogo ampeleke kwa "fundi wake", atamkatia mkia, atamchomelea bomba la kukunja la nyuma, atasagia fremu nzima na kupuliza rangi, bila malipo, wiki hiyohiyo. Dogo akaona kapata kaka mkubwa. Mimi nikajiuliza nani kwenye hii Dar anachoma welding na rangi bure? Jibu nimelipata kwa mpelelezi. Stempu ikigongwa kwenye chuma inakandamiza mpaka chini ya pale unapopaona, kwahiyo hata ukisaga juu wataalamu wanaweza kuirudisha namba ya zamani kwa tindikali. Lakini ukisaga tena kwenda ndani, au ukipitisha moto wa welding pale, ushahidi unapungua au unaisha kabisa. Yani mnunuzi anatumika kumalizia kazi ya mwizi, tena anapiga picha kila hatua anaposti, "siku ya kwanza ya projekti".

Kwahiyo we unayetafuta, kabla ya kuwaza tangi wala siti wala ekzosi, nenda na tochi, tina na kitambaa, mwambie muuzaji unataka kusugua shingo ya fremu. Mwenye mali halali atakuangalia tu kama mwendawazimu, huyu wetu nina uhakika angekumbuka ana msiba. Pitisha ukucha juu ya namba, ya kiwandani ina kina kimoja na mstari mmoja. Sumaku nayo inasaidia, kwenye puti nene haishiki. Soma kadi yote sio namba tu, soma kiwanda, cc, rangi, mwaka, alafu jiulize kama kweli ndo hiki kilichosimama mbele yako. Na mwenye jina kwenye kadi aje mwenyewe, au aliyemuuzia muuzaji wako awe na mkataba unaoeleweka, mnaenda kwa wakili, mnaenda TRA kubadilisha umiliki kila mtu na TIN yake, ndo hela inatoka. Akisema kadi utabadilisha mbele ya safari, mwache asafiri peke yake.

Ya mnada nayo ni rahisi kuishika. Pikipiki ya serikali au ya mradi ikiuzwa mnadani inakuwa imetangazwa, malipo ya serikali yanapita kwa kontroo namba, mnunuzi anatoka na karatasi zake, na ile namba ya serikali inabadilishwa kuja ya MC, ya pikipiki za watu binafsi. Anayesema "ilitoka mnadani" hana hata risiti moja, hiyo haikutoka mnadani, imetoka kwenye uwanja wa mtu usiku.

Kubadilisha injini yenyewe sio dhambi jamani, nisieleweke vibaya. XL nyingi zinazotembea leo zina injini za Mchina maana spea za Mjapani kuzipata ni shughuli, na Kariakoo na Gerezani injini mpya unapata na risiti. Shida ni mtu kugeuza kadi ya injini iwe kadi ya fremu. Injini ukibadilisha unatoa taarifa, namba mpya inaingia kwenye kadi, na chasisi inabaki ileile iliyozaliwa nayo. Mwenye kukuuzia mwambie akuonyeshe hilo limefanyika.

Kuna mwingine yuko Morogoro naye kanicheki baada ya kusikia habari hizi, yeye hata pikipiki hakuiona. Alitumiwa picha ya skrambla kali, "hii tulimaliza mwezi jana", akatuma advansi ya laki mbili na hela ya kusafirishia, kimya mpaka leo. Ile picha ukiikuza ukutani nyuma kuna bango la Kihispania. Omba video fupi, injini ya baridi inawashwa na jina lako limeandikwa kwenye karatasi juu ya tangi. Hawezi, basi hana.

Jamaa sasaivi kabadilisha laini. Tangazo jipya ni XL ya njano, tangi limebonyea upande wa kulia, sakafuni tailisi nyekundu na nyeupe za kuchanganya, zilezile zilizokuwa kwenye picha alizomtumia dogo. Maneno yaleyale, "projekti tayari, kukata fremu ni ofa yangu kwako". Simtaji jina hapa maana alilotupa sio lake na sitaki kumwingiza asiyehusika.

Kama umenunua XL ya namna hii miezi hii ya karibuni, hata kama inatembea vizuri, usiikate, usiisage, usiiuze. Sugua shingo uone. Ukikuta puti njoo inbox na picha ya mkataba na jina lililotokea ulipotuma hela, mpelelezi ametuambia wakipatikana walalamikaji wengine jalada linapata nguvu, na mpaka leo tupo dogo na huyu wa Morogoro tu.