Kuimba injili Mtwara: uanzie kwaya au uingie studio peke yako?

Swali hili huibuka msimu wa korosho, vijana wa Masasi na Newala wanapokuwa na hela mkononi.

Kwa gharama, kwaya haina mpinzani: sare na michango midogo, basi. Studio inataka pesa ya prodyuza, kisha ya video. Ukitamani ya Dar es Salaam, ongeza nauli ya zaidi ya kilomita 500.

Kwenye kujifunza ndipo kwaya inapotia fora. Mwalimu anakupanga sauti yako, unashika solfa (kusoma noti za do-re-mi), unazoea kusimama mbele za watu. Rose Muhando mwenyewe alitokea kwaya ya Kianglikana kule Dodoma. Ila mazoezi ya jioni hayaishi (na umbea wake!), na wimbo uliotunga unaweza kuhesabiwa mali ya kwaya.

Hapo studio inashinda: kazi ni yako, unaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina lako. Lakini siku sauti ikikauka, hakuna wa kukupokea.

Mwenye sauti mbichi na mfuko mwembamba, kwaya ya parokia au usharika wake inamtosha kwa sasa. Aliyekwisha kuongoza kwaya na ana nyimbo zake daftarini, asingoje; aanze na wimbo mmoja, si albamu.