The Edge of the Sea: kitabu cha pwani cha Rachel Carson

Wengi humjua Rachel Carson kwa kitabu chake cha 1962 kuhusu DDT, dawa ya kuua wadudu. Anayetaka kumjua mwanabiolojia wa bahari mwenyewe aanze na hiki cha 1955, alichokitoa miaka mitatu baada ya kuacha kazi ya serikali ya Marekani katika idara ya samaki na wanyamapori.

Mpango wa awali ulikuwa kitabu cha kutambulia viumbe: jina na mchoro, jina na mchoro. Akauacha. Akaigawa pwani ya mashariki ya Marekani kwa kile unachokikanyaga: miamba kaskazini, mchanga kusini mwa Cape Cod, rasi ya Massachusetts, matumbawe na mikoko Florida Keys, visiwa vya kusini mwa Florida. Hapo ndipo kitabu kilipopata nguvu, maana kinaeleza kwa nini kiumbe anaishi pale na si hatua tatu juu yake.

Sura ya miamba inashinda zote. Juu kabisa kuna mstari mweusi unaoteleza wa viumbe vidogo mno kama mwani. Chini yake konokono wanaoukwangua, kisha ukanda mweupe wa vidude vya gamba gumu, vile vile vinavyoganda chini ya mashua. Hufuata mwani wa kahawia, mwani mwekundu, na mwisho ule mwani mrefu ambao hufunuliwa na bamvua tu, bahari inapokupwa sana. Kwa hiyo ukishuka nacho ufukweni siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, ukanda wa chini hutauona, na utadhani mwandishi amekosea.

Kasoro yake ni umri. Majina kadhaa ya kisayansi yamebadilishwa: Balanus balanoides, kimoja cha vile vidude vya gamba gumu, leo ni Semibalanus balanoides, hivyo hakikisha jina kwanza. Michoro ya mchoraji wake, Bob Hines, haina rangi, lakini ni makini mno. Nunua toleo lenye michoro hiyo pamoja na kiambatisho cha makundi ya viumbe. Bila hivyo msomaji mgeni atapotea.

Usikitumie kutambua spishi za Tanga au Lamu. Hata hivyo mkoko wake wa Florida ni wa jenasi ya Rhizophora kama mkoko wetu, na mche wake huota ungali mtini. Kaa wake wa mchangani ni Ocypode, jenasi ile ile inayokimbia usiku kwenye fukwe zetu. Carson anammulika kwa tochi: kaa mdogo, peke yake gizani, ndani ya shimo alilochimba juu kidogo ya mawimbi.