Fagio la Trekta: Lipi la Kwanza, Lipi la Kuacha

Kabla ya kuuliza bei, chuchumaa uitazame trekta yako. PTO, yaani shafti ya trekta inayozungusha vifaa vilivyofungwa kwake, iko mbele, katikati au nyuma tu? Ya nyuma kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, ya katikati kwenye trekta ndogo mara nyingi 2,000, na giaboksi ya moja haifai kwa nyingine. Fagio zuri lisilo na pa kufungwa litaishia stoo.

Nafasi ya kwanza nalipatia fagio la mbele linalozunguka. Dereva analiona, na uchafu huondoka kabla magurudumu hayajaukanyaga. Hukaa mshazari ili uchafu usogee pembeni, na hapo ndipo wanunuzi hujipunja: fagio la mita 1.5 likigeuzwa nyuzi 30 linafagia mita 1.3 tu. Pima trekta toka ukingo wa tairi hadi ukingo wa pili, ununue linalozidi hapo hata likiwa limegeuzwa. Kama pampu ya trekta inatoa lita za kutosha kwa dakika, chukua la haidroliki, linalozungushwa na mafuta yenye presha. Likikwama, valvu hupunguza presha. La shafti, linalozungushwa na PTO, likikwama hutegemea klachi au bolti inayokatika makusudi ili giaboksi isivunjike, nawe utakuwa unatembea na bolti za akiba mfukoni.

La pili ni la kukokotwa, lenye kapu nyuma. Brashi huzungushwa na magurudumu yake lenyewe, kwa hiyo hata mashine ya kukalia ya kukata majani inaliweza. Kwa majani makavu kwenye nyasi linalishinda la kwanza, maana linazoa, halisukumi tu. Asubuhi yenye umande, subiri: magurudumu huteleza na brashi husimama.

La tatu, lenye sanduku la kuzolea mchanga, ni zito na ghali. Linafaa maegesho makubwa tu, tena liwe na tangi la maji la kutuliza vumbi.

La mwisho ni safu za brashi zisizozunguka. Halina cha kuharibika, ila kwenye nyasi ni bure.

Nywele za plastiki zinatosha kazi nyingi. Za waya ni za tope lililoganda, lakini hukwaruza vigae.

Likishafungwa, lizungushe palepale penye vumbi, kisha linyanyue. Alama iwe na upana wa sentimita 5 hadi 10. Ikizidi, umelikandamiza, na brashi itakwisha kabla ya wakati wake.