Wiki mbili za kujifunza seva za barua pepe Lubumbashi: uzoefu wangu

Mwezi wa nne mwaka 2025, kampuni yetu ilikosa kazi ya kupitisha mizigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa sababu bei tuliyomtumia mteja kwa barua pepe ilidondokea kwenye barua taka. Hakuiona. Alipopiga simu siku nne baadaye kuuliza mbona tuko kimya, kazi alikuwa ameshampa mwingine. Patroni akaniita: "Mtoto wangu, ile barua ilitoka au haikutoka?" Nikamjibu ilitoka. "Na ilifika?" Hapo nikanyamaza. Miaka mitano nimeitunza seva yetu, ile kompyuta inayotuma na kupokea barua pepe za kampuni, na sikuwa na njia ya kumwambia kama barua ilifika.

Ndiyo maana mwezi wa saba nilitoa dola 320 mfukoni mwangu, nikajiandikisha kwenye mafunzo ya wiki mbili ya kusimamia seva za barua pepe za kampuni, katika kituo kimoja kidogo kilicho ghorofani katikati ya mji. Mafundi wenzangu wa hapa, wa Likasi na wa Kolwezi wananiuliza kama ile fedha ilikwenda mahali pazuri. Kwa upande wangu ilikwenda pazuri, ila si kwa siku zote kumi, na si kwa kila mtu.

Tulikuwa watu tisa. Mmoja alitoka kliniki, wawili walitoka kwenye vyama vya akiba na mikopo, mwingine kampuni ya vipuri vya migodini, na mama mmoja alitunza kompyuta za shule. Huyo tulimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyetuzidi wote umri, na ndiye aliyetuzidi pia kwa kuuliza maswali. Tulianza saa kumi na moja jioni na kumaliza saa mbili na nusu usiku. Anayeijua baridi ya mwezi wa saba hapa kwetu anajua kwa nini tulisoma tumevaa makoti.

Siku ya kwanza mwalimu hakutugusisha programu yoyote ya barua. Alifungua skrini nyeusi, akaunganisha kwenye poti 25, ule mlango wa kupokelea barua, ya seva yake ya mazoezi, akaanza kuandika kwa mkono kile ambacho seva huambiana zenyewe: HELO ya kusalimia, kisha MAIL FROM na anwani ya anayetuma, kisha RCPT TO na anwani ya anayepokea, kisha DATA, kisha maneno ya barua, na mwisho nukta moja peke yake kwenye mstari. Seva ikajibu 250, yaani imekubali, na barua ikaondoka. Lugha hiyo inaitwa SMTP. Jon Postel aliiandika mwaka 1982, na hadi leo seva ya kampuni ya Lubumbashi na seva ya Google zikikutana zinasalimiana kwa maneno karibu yale yale.

Kisha akarudia, na safari hii akaweka majina mawili tofauti. Kwenye MAIL FROM aliandika anwani yake, lakini ndani ya barua, pale palipoandikwa From, akaandika jina la Yaya. Barua ilipofika kwenye kompyuta ya jirani yangu ilionekana imetoka kwa Yaya, ambaye alikuwa amekaa pale pale na mikono yake mezani. "Bahasha ni kitu kimoja, na karatasi iliyo ndani ni kitu kingine," mwalimu akasema. "Posta husoma bahasha. Mtu husoma karatasi." Kwa miaka mitano niliona wizi wa majina kwenye barua pepe kama uchawi wa watu wenye akili kubwa. Jioni ile niliufanya mwenyewe kwa mistari sita. Kama mafunzo yote yangeishia pale, bado nisingedai fedha yangu.

Kutoka hapo mambo matatu yaliyokuwa yakinichanganya yalikaa kila moja mahali pake. SPF ni orodha unayoitangaza kwenye DNS, lile daftari la majina la intaneti, chini ya kikoa chako, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yako, kusema ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lako, nayo inakagua bahasha. DKIM ni saini inayobandikwa kwenye barua yenyewe. Seva inayopokea huisoma kwa ufunguo uliouweka hadharani. DMARC ndiyo inayouliza kama jina lililo kwenye karatasi linalingana na kile ambacho SPF au DKIM imekithibitisha, kisha inamwambia mpokeaji la kufanya kama halilingani: aache ipite, aiweke kando, au aikatae.

Mwalimu alitueleza kwa nini jambo hili limekuwa la lazima. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila anayetuma barua kwa watu wake awe na SPF au DKIM, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku awe na vyote, pamoja na DMARC. Sisi hatufiki hata barua 300 kwa siku. Ila hata hicho kidogo hatukuwa nacho, na mteja wetu alikuwa anatumia Gmail.

Kosa letu la pili lilikuwa PTR, ile rekodi inayogeuza namba ya IP, yaani anwani ya mashine kwenye intaneti, kuwa jina. Niliwahi kuisikia, nikaitafuta kwenye DNS ya kikoa chetu, nikaikosa, nikaachana nayo. Kumbe rekodi hiyo hutolewa na mwenye anwani ya IP, yaani kampuni inayokukodishia seva au intaneti. Nilipofika nyumbani usiku ule niliingia kwenye ukurasa wa waliotukodishia seva, nikaandika jina la seva yetu, na kazi ikaisha ndani ya dakika tano.

Wiki ya pili ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu mwalimu alikuwa anatuharibia. Tunaingia darasani, kila mtu anafungua seva yake na kukuta kuna kitu kimekufa, wala haambiwi ni nini. Tulitumia Postfix ya Wietse Venema kwa kutuma na kupokea, na Dovecot kwa kuwafungulia watu masanduku yao, zote mbili juu ya mfumo endeshi wa Linux. Siku moja cheti cha usalama kilikuwa kimekwisha muda. Vile vya bure vya Let's Encrypt tulivyotumia vilikuwa vinaishi siku 90, na kama hukupanga vijihuishe vyenyewe, asubuhi moja simu za wafanyakazi wote zitaanza kulia onyo kwa pamoja. Siku nyingine seva zetu zilikuwa zimeachwa wazi kiasi kwamba yeyote angeweza kutuma barua kupitia kwetu, na mashine ya mwalimu ilikuwa imezijaza kwa usiku mzima. Foleni yangu, pale barua zinaposubiri kutumwa, ilikuwa na maelfu ya barua taka. Nikaandika amri ya kufuta yote. Mwalimu akasimama nyuma yangu akauliza, "Na zile kumi na mbili nzuri zilizokuwa humo?" Alikuwa amezificha makusudi katikati ya takataka. Nilipaswa kwanza kuisimamisha foleni, kuchambua, kisha kufuta. Kazini kwetu barua moja kati ya zile kumi na mbili ingeweza kuwa hati ya forodha ya lori lililosimama mpakani.

Umeme ulikatika mara tatu katika siku kumi. Jenereta ya kituo iliwaka mara mbili. Mara ya tatu mafuta yalikuwa yamekwisha, na kituo kinastahili kulaumiwa kwa hilo, maana sisi tulilipa kamili. Lakini mwalimu aliligeuza lile giza kuwa somo. Kwa mwanga wa simu alituuliza: kama seva ya mteja imezimika kama hizi zetu, barua mliyomtumia iko wapi sasa? Wengi tulidhani imepotea. Haipotei. Inakaa kwenye foleni ya aliyetuma, nayo Postfix inaendelea kujaribu. Usipobadilisha chochote itajaribu kwa siku 5 kabla ya kuirudisha. Jibu linaloanza na 4 maana yake ni rudi baadaye. Linaloanza na 5 maana yake ni mlango umefungwa. Nimewahi kumwambia patroni "mtandao ni mbaya" kwa makosa ambayo seva ilikuwa imeshayaeleza kwa namba, waziwazi, kwenye kumbukumbu zake, yale mafaili inamoandika kila inachofanya.

Sasa yaliyonikera.

Siku ya Microsoft Exchange, programu ya Microsoft ya seva za barua, ilipotea bure. Exchange 2019 Microsoft wenyewe wanaishauri iwe na RAM ya GB 128, nasi tulikuwa na mashine za GB 8. Tulikaa saa tatu tukitazama mstari wa usakinishaji ukitambaa, na watu wawili tu ndio waliofika mwisho. Tena ilikuwa mwezi wa saba, na tayari ilijulikana kwamba matoleo ya 2016 na 2019 yangeachwa bila msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Kilichohitajika ni kutufundisha namna ya kumhamisha mteja kutoka huko, maana humu mjini zipo ofisi ambazo bado zinaitegemea.

Nakala za akiba zilipewa nusu saa, siku ya mwisho, watu wakiwa wameshaanza kupigana picha. Hilo sikulielewa. Katika mji ambao umeme unakatika diski ikiwa katikati ya kuandika, somo la kurudisha masanduku ya barua yaliyoharibika lilistahili jioni nzima, na kila mwanafunzi arudishe sanduku moja kwa mikono yake. Niliandika hivyo kwenye karatasi ya maoni, na naliandika tena hapa.

Vitabu tulivyopewa vilikuwa vya Kifaransa, na maelezo ya Postfix yenyewe ni ya Kiingereza. Mwalimu alifundisha kwa Kiswahili chetu cha hapa, na hapo ndipo tulipoelewa. Natamani yale maelezo yake ya bahasha na karatasi yangekuwa yamechapwa kwa Kiswahili, kwa sababu nilimrudia fundi mwenzangu wa Katuba nikamweleza kwa maneno yale yale, naye akashika mara moja.

Nisije nikamdanganya mtu: kama hujawahi kushika Linux, usiende kwanza. Kijana mmoja kati yetu alikuwa hajui kufungua faili kwa amri, na siku ya tatu aliacha kuja. Kituo kilipokea fedha yake bila kumuuliza anajua nini. Hilo nililiona si sawa, na niliwaambia.

Nilipomaliza nilianza na DMARC ya kutazama tu, bila kukataa chochote, kama tulivyoshauriwa. Ripoti zilianza kuingia kila siku, nikagundua kwamba programu yetu ya ankara inatuma barua kupitia seva nyingine kabisa ambayo sikuiweka kwenye SPF. Laiti ningeanza kwa kukataa, ningezizuia mwenyewe ankara zetu. Niliiongeza, huku nikihesabu, kwa sababu SPF hairuhusu kuulizia DNS zaidi ya mara 10. Ukizidisha, orodha yote inahesabiwa kuwa na kosa. Mwezi wa kumi nikahamia kwenye kukataa kabisa.

Mwezi huohuo mteja wetu wa Kinshasa alisema zabuni yetu haikufika kabla ya saa sita mchana (12:00) ya Kinshasa, ambayo ndiyo ilikuwa mwisho wa kupokea. Patroni akaniita tena, kwa swali lile lile. Nikafungua kumbukumbu za seva mbele yake. Mstari ulionyesha kwamba seva ya mteja iliipokea barua na kujibu 250, pamoja na namba yao ya foleni, saa 10:40 kwa saa ya UTC, ambayo ndiyo saa ya seva yetu. Lubumbashi tuko mbele kwa saa mbili, Kinshasa kwa saa moja. Kwa hiyo kwetu ilikuwa 12:40, na huko kwao 11:40, dakika ishirini kabla ya muda kwisha. Mwalimu alituonya siku ya sita kwamba nchi yenye kanda mbili za saa huwachanganya mafundi kuliko hata virusi, na akatulazimisha kuandika tofauti ya saa pembeni ya kila mstari tunaousoma. Nilifanya vivyo hivyo kwenye karatasi, nikaituma pamoja na ile namba ya foleni. Fundi wa upande wao aliitafuta, akaikuta barua kwenye chujio lao la barua taka, na zabuni yetu ikaingizwa pamoja na nyingine.

Patroni alinirudishia zile dola 320 wiki iliyofuata. Sisi tisa tumebaki wanane kwenye kundi la WhatsApp, na karibu kila Jumamosi kuna mtu anatupa mstari wa kumbukumbu ambao hauelewi. Jana alikuwa Yaya: barua za shule zinakataliwa na mpokeaji mmoja kwa 550. Tuliukuta ufunguo wa DKIM umekatika katikati kwenye DNS yao, herufi za mwisho hazikunakiliwa. Kituo kilitangaza kundi jipya la mwezi wa pili 2026, kwa bei ile ile. Ukienda, beba kompyuta yenye RAM isiyopungua GB 8, waya mrefu wa umeme, na umuulize mwalimu mapema ni siku gani ya nakala za akiba.