Hadubini ya Kusomea Slaidi za Malaria: Anza na Meza Inayoshuka

Hadubini niliyoinunua kwa fedha zangu ilikuwa mpya, yenye taa angavu na lenzi nne safi, lakini nilipoanza kuhesabu vimelea kwenye utando mzito wa damu (tone nene lililotandazwa kwenye slaidi), picha ilififia yenyewe kila baada ya muda mfupi. Nilishuku macho yangu, kisha rangi ya Giemsa, kisha mafuta, hadi nilipogundua kwamba meza inayobeba slaidi ilikuwa ikishuka taratibu kwa uzito wake yenyewe.

Wanunuzi wengi hawaiulizii kasoro hii, ingawa ndiyo inayoharibu majibu. Kwa lenzi ya mafuta ya 100, yaani ile inayokuza mara 100 ikiwa imegusana na tone la mafuta juu ya slaidi, kina kinachoonekana wazi kwa wakati mmoja hakifiki mikromita 1, ilhali chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hivi. Meza ikishuka kiasi hicho kidogo, kidoti chekundu cha kromatini (kiini cha kimelea) na utepe wa buluu wa saitoplazimu (mwili wake), vinavyotambulisha pete changa ya Plasmodium falciparum, mojawapo ya vimelea vya malaria, huvurugika na kufanana na chembe sahani au mabaki ya rangi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba yasomwe angalau maeneo 100 ya utando mzito (eneo ni sehemu inayoonekana kwa mara moja kwenye lenzi) kabla ya kuandika kuwa vimelea havikuonekana, na anayehesabu huvilinganisha na chembe nyeupe 200, au 500 vikiwa vichache. Mtu anayepigana na skrubu ya kurekebisha picha katika kila eneo huchoka mapema, na mwenye vimelea vichache ndiye anayeambiwa hana malaria.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, weka slaidi iliyotiwa rangi, dondosha mafuta, rekebisha hadi kiini cha chembe nyeupe kionekane wazi, kisha usiguse chochote kwa dakika 10. Ukirudi ukakuta ukungu, uliza kama ukazo wa skrubu kubwa, ile inayopandisha na kushusha meza, unaweza kurekebishwa. Kama hauwezi, iache.

Nafasi ya kwanza naipa Olympus CX23, na upendeleo huo siufichi. Meza yake hutulia, ukazo wa skrubu kubwa hurekebishwa, na lenzi zake ni za aina ya Plan, ambazo huonyesha kingo za picha kwa uwazi ule ule wa katikati, jambo linalomwokolea msomaji muda mwingi katika maeneo 100. Ya pili ni Nikon Eclipse E100, yenye picha nzuri sana. Ukipata ile ya balbu ya halojeni, hakikisha ina kichujio cha buluu, kwa maana mwanga wa manjano hufifisha tofauti ya rangi ndani ya kimelea. Zeiss Primostar 3 ni ya tatu kwangu kwa sababu ya bei yake tu, wala si kwa kosa la lenzi.

Hadubini za bei ya chini zisizo na jina zinafaa kufundishia wanafunzi. Kwa slaidi za wagonjwa, sizipendekezi.

Linaloniudhi zaidi ni wauzaji wanaotangaza ukuzaji wa mara 2000 au 2500. Lenzi ya mafuta yenye kipenyo-namba (kipimo cha uwezo wa lenzi kutenganisha vitu vidogo) cha 1.25 haina kitu kipya cha kuonyesha zaidi ya mara 1250 hivi. Kinachoongezeka hapo ni ukubwa wa ukungu, na mnunuzi hulipishwa lenzi ya jicho asiyoihitaji. Mara 1000, yaani lenzi ya 100 pamoja na lenzi ya jicho ya 10, zinatosha kabisa kwa malaria. Wauzaji hao hao hukuonyesha bawa la mdudu kwa lenzi ya 10, ambapo hata meza mbovu huonekana imetulia, na ukiomba kujaribu kwa mafuta hutafuta kisingizio. Niliporudisha yangu nikiwa na slaidi mkononi, nilijibiwa kwamba haiwezi kupokelewa kwa sababu lenzi ya 100 ilikuwa imekwisha kuguswa na mafuta.